Kuitembeza Mombasa kwa miguu ukiwa na mzee wa presha: panga kwa saa, kilomita ziache

*"Desemba nitamleta baba yangu Mombasa kwa siku tatu kutoka Nakuru. Ana miaka 67. Alifanya kazi bandarini Kilindini miaka ya 1980 na hajarudi tangu ahamie bara. Anataka tuzunguke kisiwa chote kwa miguu, kandokando ya bahari, kama alivyokuwa akifanya ujanani, na tupite chini ya Fort Jesus maji yakitoka. Anatumia dawa mbili za presha, moja ni ile ya kukojoza, na goti la kulia humsumbua akishuka ngazi. Nyumbani hutembea kilomita tano kila asubuhi bila shida. Mwaka jana mimi mwenyewe nilitembea mjini hapo saa sita mchana, nikashikwa na kizunguzungu nikarudi hotelini. Tufuate njia gani? Na je, kumnywesha maji mengi kunatosha kumkinga?"*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa ni kwamba umeuliza njia lakini hofu yako ni ya mwili wa mzee. Haya mawili hayatenganiki. Nimeongoza wageni kwa miguu katika mji huu zaidi ya miaka 20, na waliozidiwa mikononi mwangu hakuna hata mmoja aliyeshindwa na umbali. Walishindwa na saa. Kilomita mbili za Mji wa Kale saa moja asubuhi ni starehe, na kilomita mbili hizo hizo saa saba mchana ni ugonjwa. Kwa hiyo usiniulize kwanza mtatembea mbali kiasi gani. Niulize mtatoka saa ngapi.

Nianze na lile la kuzunguka kisiwa chote, maana hapo itabidi umwandae mzee kabla hamjatoka Nakuru. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, kilomita za mraba 14 hivi, na ukikitazama kwenye ramani utadhani ni matembezi ya asubuhi moja. Lakini hakuna njia ya miguu inayoshika bahari mzunguko mzima. Upande wa magharibi wote ni bandari, kuta na mageti. Ukipanda hadi Makupa uko kwenye barabara ya malori ya makontena, moshi na vumbi, bila hata mti wa kusimama chini yake. Upande wa Tudor, nyumba za watu zimeushika ufuo, na pasipo nyumba pana mikoko na matope. Kusini-mashariki kuna Ikulu na uwanja wa gofu. Huenda kweli mzee alipita sehemu ambazo leo zina ukuta. Mweleze mapema, kwa upole, ili asifike akadhani wewe ndiye unayemnyima.

Sasa joto. Umeniambia hutembea kilomita tano kila siku nyumbani, na hiyo ni heri kubwa kwa moyo wake, lakini isikupe imani kupita kiasi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake ni ya sweta. Mwili hujipoza kwa jasho, na watu wengi hudhani jasho likishatoka basi kazi imeisha. Sivyo. Kinachopoza ni jasho *kukauka* juu ya ngozi, maana likikauka huondoka na joto. Hewa ya Nakuru ni kavu, kwa hiyo hulinyonya mara moja, hata hujui umetoka jasho. Hewa ya Mombasa imeshashiba maji ya bahari. Jasho linatoka, linateremka mgongoni, linalowesha shati, na joto linabaki ndani. Ndiyo maana nyuzi 32 za hapa zinamchosha mtu kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu. Na Desemba ni msimu wa kaskazi, si ule wa kusi wa Juni na Julai ambao hewa yake ni nafuu.

Mwili huzoea, lakini si kwa siku tatu. Huchukua wiki moja hadi mbili kujifunza kutoa jasho mapema, lenye chumvi kidogo, na kuongeza maji ndani ya damu. Nyinyi mtakuwa mmeshaondoka. Kwa hiyo mtaishi na miili ya Nakuru ndani ya hewa ya Mombasa, na mipango lazima ilifuate jambo hilo.

Kwa mzee kuna jambo la ziada. Joto likizidi, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili iende ikapoe, na mishipa ya huko hutanuka. Mishipa ikitanuka, presha hushuka. Mtu mwenye dawa za presha tayari ameshushiwa, na ile ya kukojoza inaendelea kumtoa maji huku jasho nalo linamtoa. Vyote vitatu vikikutana, mzee aliyekaa kitako akiinuka kwa ghafla, damu huchelewa kufika kichwani. Hapo ndipo watu huanguka, mara nyingi si wakati wa kutembea bali wakati wa *kusimama* baada ya kupumzika. Mzoeshe hivi: kabla hajainuka achezeshe nyayo kidogo, asimame akiwa ameshika kitu, ahesabu hadi kumi, ndipo apige hatua.

Nakueleza haya kwa sababu nimeyaona. Miaka kadhaa iliyopita nilimwongoza mzee mmoja na wanawe, Januari, nao wakanisihi tuendelee ingawa saa tano ilikuwa imeshapita. Nikakubali, na kosa lilikuwa langu. Tulipokuwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, alikaa kwenye baraza ya nyumba ya watu, akacheka, akasema "twendeni," akainuka, na uso ukageuka rangi ya majivu. Tulimdaka kabla hajafika chini. Mama mwenye nyumba alifungua mlango bila kuuliza sisi ni nani, akatulazia mzee sebuleni, akachovya leso kwenye ndoo na kumwekea shingoni na kwapani, binti yake akampepea kwa kipepeo cha ukili. Miguu tuliinua juu ya mto. Baada ya robo saa alirudi, akaomba chai. Tangu siku hiyo sikubali mgeni yeyote anibembeleze kuhusu saa nne. Saa nne ikifika, matembezi yangu yamekwisha.

Kuhusu maji, jibu langu ni kwamba yanahitajika lakini hayatoshi. Kumnywesha lita nzima kwa mpigo hakumsaidii, kunamjaza tumbo tu na kumtafutisha choo. Anywe kidogo kidogo kuanzia anapoamka, mafunda machache kila baada ya muda mfupi, asingoje kiu, kwa sababu kiu ya mzee huchelewa. Watakuja watu watakaomwambia alambe chumvi au achanganye zile paketi za chumvi wanazopewa wanaoharisha. Kwa mwenye presha asifanye hivyo bila daktari wake kusema. Na madafu, ambayo mimi nayapenda sana na utayakuta kila kona, yana potasiamu nyingi. Dafu moja kwa mtu mzima mwenye figo salama halina neno, lakini ziko dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, na ukizijumlisha na madafu matatu kwa siku hapo si mchezo. Lichukue swali hili kwa daktari kabla ya safari.

Haya, njia. Siku ya kwanza msitembee. Treni ya SGR itawashusha Miritini, nje ya kisiwa, na mpaka mfike mlale mtakuwa mmeshachoka. Jioni kaeni tu.

Siku ya pili muwe nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Desemba jua huchomoza saa kumi na mbili na ushei, kwa hiyo mtaona vizuri na bado kuna upepo ule mwanana wa kutoka bara. Wageni wengi huanzia Fort Jesus, na mimi naona ni makosa, kwa sababu ngome hufunguliwa saa mbili, na wakitoka humo ndani ndipo wanaingia mitaani jua likiwa kali. Nyinyi anzeni upande wa pili, Marikiti, soko la viungo lililofunguliwa mwaka 1914. Watu wa miaka ya 1980 walilijua vyema, na harufu ya iliki na bizari itamkumbusha baba mengi kuliko utakavyoweza wewe kumkumbusha kwa maneno. Kutoka hapo teremkeni taratibu hadi Bandari ya Kale, yalikofunga majahazi, kisha mgeuke kusini kuelekea ngomeni.

Mtapita Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe uliochongoka juu. Mtaingia Ndia Kuu. Hilo jina lisikupite: *ndia* ndiyo *njia* kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ndiyo hiyo iliyokuwa barabara kuu ya mji. Nyumba za hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kuta nene, zimesogeleana. Watu hudhani mitaa ni myembamba kwa sababu wazee hawakuwa na magari. Wembamba ule ndio feni ya mji. Kuta huzuia jua lisifike chini, na upepo ukiingia kwenye uchochoro hubanwa na kukaza mwendo. Weka kiganja kwenye ukuta ulio kivulini saa moja asubuhi uone ulivyo baridi. Mkielekea ngomeni bahari iko mkono wa kushoto, na asubuhi jua linatoka huko huko, kwa hiyo safu ya nyumba za upande wa bahari ndiyo inayomwaga kivuli. Mshikilie mzee upande huo huo wa kushoto. Jua likishapanda utosini kivuli hicho hutoweka, na saa hiyo mnapaswa kuwa mmeshakaa mahali.

Saa moja na nusu hivi mtafuteni mahamri na mbaazi. Kaeni, msile mkitembea. Nyumba nyingi zina baraza nje, na mzee akichoka anaweza kukaa, ila mtangulie kwa salamu, na kama mwenye nyumba yuko mlangoni muombeni. Hakuna atakayemnyima mzee pa kukaa. Vaeni mavazi ya heshima, na msipige picha za watu, hasa akina mama, bila ruhusa. Ikiwa siku yenu ni Ijumaa, jueni maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya mchana.

Karibu na Bandari ya Kale kuna Ngazi za Leven, zinazoteremka hadi majini, zenye jina la manowari ya Waingereza iliyokuja na Kapteni Owen mwaka 1824. Chini kulikuwa na kisima cha maji yasiyo ya chumvi ambacho mabaharia walikitumia. Ni mahali pazuri, lakini kwa goti hilo ulilonieleza, wewe teremka na yeye abaki juu. Kushuka ngazi hulibebesha goti mzigo mkubwa kuliko kupanda, na ngazi zenye unyevu hazisamehe.

Mkifika Fort Jesus itakuwa saa mbili, mlango ndio unafunguliwa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaichukua. Anzieni ukutani juu, upande wa bahari, kungali na upepo, kisha mmalizie kwenye makumbusho ndani ambako kuna kivuli na vyoo. Usinione sina adabu nikitaja vyoo: mtu wa dawa ya kukojoza lazima ajue choo kilipo kabla ya kujua historia. Saa nne, tukituku hadi mnapolala, mzee apumzike mpaka alasiri. Kama anataka kuziona zile Pembe za Moi Avenue, matao ya barabarani yenye umbo la pembe za ndovu, azione akiwa ndani ya tukituku.

Kuhusu kupita chini ya ngome maji yakitoka, hapo nasema hapana, na sababu nakupa ili umweleze. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa mbili za kwanza huja polepole, mtu akaona ana muda, kisha saa mbili za katikati ndizo huingiza karibu nusu ya maji yote. Huko chini kuna mawe yenye ukungu wa kijani, yanateleza kama sabuni, na hakuna pa kupandia upesi. Kijana anaweza kukimbia. Mwenye goti bovu hawezi. Halafu siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka kabisa saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile niliyokwambia muwe mmeshaingia ndani. Kama hamu yake ni kukanyaga mchanga, mpeleke Nyali au Bamburi, na achague mchanga mgumu wa karibu na maji. Ule laini wa juu unaonekana mororo kwa goti, lakini mguu huzama na kupinda kila hatua.

Nimebakisha jioni, na kwa baba yako jioni ndiyo safari yenyewe. Mpeleke Mama Ngina, ile barabara ya ufukweni kusini mwa kisiwa, iliyokarabatiwa na kuwa na njia pana ya miguu. Sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zilifanyika hapo. Fikeni saa kumi na nusu. Mchana kutwa nchi kavu imepata moto upesi kuliko bahari, hewa ya juu yake imepanda, na ile ya baharini imekuja kuijaza nafasi. Ndiyo maana alasiri upepo unakuja usoni na mtu mzima anapata nguvu. Upepo huu una hila moja: hukausha jasho ukasahau kwamba jua bado linachoma. Kofia isivuliwe mpaka saa kumi na moja.

Anzeni upande wa mnara wa taa, mtembee kuelekea feri. Ni tambarare, hakuna ngazi za lazima, na kuna mibuyu ya kale yenye kivuli kipana na mahali pa kukaa. Mkisikia njaa kuna mihogo ya kukaanga, ndimu na pilipili, ila mzee mwambie aombe asiwekewe chumvi. Na mbele yenu ni mlango wa bandari. Kilindini ni kwenye kilindi, maji marefu, na mkondo wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo meli za makontena zinazoingia hupita karibu mno, rubani wa bandari akiwa juu na matagi, vyombo vya kuvuta meli, pembeni, hata unawaona mabaharia wakiegemea ukingo. Ndani ya bandari hamtaruhusiwa, na hilo likimuuma, hapa patampoza. Usimharakishe hapo. Mtu aliyepakua meli hizo kwa mikono ana mengi ya kusema akiiona moja inapita.

Siku ya tatu, kama amelala vizuri, mnaweza kuvuka Likoni kwa feri na kurudi. Waendao kwa miguu hawalipi. Ila mteremko wa kuingilia ni mkali na watu hukimbia geti likifunguliwa, kwa hiyo epukeni saa za kwenda kazini na kutoka kazini, na mngoje umati upite. Mshike upande wa goti bovu. Kama siku hiyo anachechemea, acheni, rudini tu Mama Ngina.

Usalama sitauficha wala kuukuza. Mchana na jioni ya mapema, njia nilizotaja zina watu na watu wenyewe ni wakarimu. Wezi wa simu wapo, kwa hiyo usiitembeze mkononi, na giza likiingia msiingie vichochoro msivyovijua. Mkitaka mwongozaji, chukueni mwenye kitambulisho na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza.

Wiki mbili kabla ya kusafiri, mpeleke kwa daktari wake, si kwa duka la dawa. Mwambie wazi: tunakwenda Mombasa Desemba, atatembea asubuhi na jioni, je, ile dawa ya kukojoza anywe saa ngapi, anywe maji kiasi gani, na madafu je? Asiache dawa wala kupunguza kwa shauri lenu wenyewe, na kipimo cha presha cha nyumbani mje nacho. Mkiwa hapa, kizunguzungu chepesi kinachoisha akilala kivulini miguu ikiwa juu, hicho ni cha kupumzika na kumaliza siku. Lakini akianza kuzungumza ovyo, akichanganyikiwa, ngozi ikiwa ya moto, akizimia, kifua kikimbana, au upande mmoja wa uso au mkono ukilegea, msingoje robo saa niliyongoja mimi. Mloweshe maji, mpepeeni, na mumkimbize hospitali muda huo huo.

Na ikiwa asubuhi ya siku ya pili kipimo kinaonyesha presha haiko sawa, Mji wa Kale uachwe. Saa kumi na nusu chukueni tukituku hadi Mama Ngina, mteremke kwenye mbuyu ulio karibu na ukingo, mkae hapo mpaka jua litue.